Mwaka wa Mvua Nyingi Dundori

Juzi walikuja kwangu vijana wawili wa kikundi cha wakulima, wamevaa viatu vyeupe ambavyo havikufika mlangoni vikiwa vyeupe. Walikuwa wanawazungukia wazee wa Dundori wakiuliza habari za mvua za zamani. Walibeba karatasi ndefu iliyochorwa mistari iliyosimama, kila mwaka na mstari wake, mfupi wa ukame, mrefu wa neema, tangu enzi za mashamba ya wazungu. Walisema wanataka kujua hali ya hewa imebadilika kiasi gani. Nikawaambia kama ni kubadilika, waniangalie mimi. Wakacheka, wakanywa chai.

Kisha mmoja wao, msichana mwenye adabu, akaweka kidole juu ya mstari mmoja wa miaka ya hamsini uliowapita wenzake wote.

"Shosho, huu mwaka unaukumbuka? Inaonekana hapa kwenu ilinyesha kuliko kwingine kote. Hata mashamba ya jirani hayakupata hivi. Tumeshindwa kuelewa."

Nilisema naukumbuka. Nilisema ilinyesha sana. Msichana akaandika, nami nikainuka kwenda kuongeza maziwa kwenye sufuria ambayo haikuhitaji maziwa. Nimemdanganya mtoto wa watu, kwa umri huu, kwa sababu uongo ule nimeuzoea kuliko ukweli wake. Mstari ule mrefu ulichorwa na mama mkwe wangu, kwa kopo la kumwagilia maua, na aliuchora kwa ajili yangu.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu mmoja, juu kabisa, mahali ambapo ukigeuka unauona mji wa Nakuru na ziwa lake kule chini, siku ambazo ukungu umekubali. Lilikuwa shamba la pareto, yale maua meupe ya kutengenezea dawa ya wadudu. Pareto ilikuwa yake, kuichuma kulikuwa kwetu. Tulipewa kipande cha kulima viazi na minji na ruhusa ya kujenga nyumba ya nyasi, na kwa malipo ya hayo mume afanye kazi na mke achume. Mke asiyechuma alimponza mumewe kazini, na mume asiye na kazi hakuwa na nyumba. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yote tuliyohitaji kuijua.

Kazi ya mume wangu ilikuwa kupima mvua. Kulikuwa na chombo cha shaba kilichozikwa nusu kwenye nyasi za bustani ya mzungu, chenye mdomo mpana wa faneli na chupa ndani yake. Sisi tulikiita mkebe. Kila alfajiri aliinua ile faneli, akaitoa chupa, akamimina maji kwenye glasi nyembamba yenye mistari, akainama mpaka jicho lake likawa sawasawa na maji. Kisha akaandika kwenye kadi ya mwezi. Mwezi ukiisha mzungu aliituma kadi mjini, na mume wangu akaanza nyingine kwa mwandiko ule ule wa kujikaza, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.

Miezi aliijua jinsi watu wanavyowajua wakwe zao. Januari, alisema, ni bahili, usimwombe kitu. Aprili ni mkarimu lakini hana kiasi, anaweza kukushibisha na kukuzamisha siku moja. Agosti ndiye rafiki yetu sisi wa huku juu, anayekuja na kikombe cha pili wakati wengine wameshaosha vyombo. Novemba aliahidi kuliko alivyotoa. Alikumbuka mwaka wa mvua ya mawe iliyoilaza pareto yote asubuhi moja, na mwaka ambao baridi ya alfajiri iliunguza majani ya viazi mpaka yakawa meusi. Ukimuuliza mwaka fulani ulikuwaje, hakusema ulikuwa mzuri au mbaya. Alikutajia mwezi kwa mwezi, taratibu, mpaka ukajuta kuuliza.

Lakini watu walimheshimu kwa hilo. Mtu anayeinama kila alfajiri ili asiongeze wala asipunguze tone la maji, huyo neno lake linashika. Ndiyo maana palipokuwa na mazungumzo ya mahari pale shambani, walimwita akae katikati ya pande mbili na kusikiliza. Baadaye wakibishana mbuzi walikuwa wangapi, waliuliza yeye alisikia wangapi, na ubishi ukaisha. Nilikuwa mke kijana, na nilitembea nikiwa nimeinua kichwa kwa sababu ya neno la mume wangu.

Sasa, pareto haitaki maji. Ua likichumwa limelowa huchemka ndani ya gunia, likafika kwenye tanuri la kukaushia limeoza nusu. Lakini Dundori kila asubuhi ua limelowa, kama si mvua ni umande, kama si umande ni ukungu. Umande hukauka jua likitoka, ila mvua hujificha ndani ya ua kutwa nzima. Na ukimuuliza mchumaji, atakuambia ni mvua, maana ni nani asiyetaka kulala? Kwa hiyo mzungu hakuuliza mtu. Aliweka sheria: maji ya mkebe yakipita mstari fulani kwenye glasi, kengele mara mbili, hakuna kuchuma mpaka kesho. Yasipofika hapo, kengele mara moja, na kila mwanamke na kikapu chake. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mti wa mtarakwa, na aliyeigonga ni mume wangu.

Nyapara wetu, mtu wa maneno mengi na tumbo la kutosha, hakuipenda sheria hiyo, kwa kuwa ilimnyima raha ya kutufukuza vitandani. Alisimama pale chini ya mtarakwa akatazama juu. "Dalili ya mvua ni mawingu," alisema, "hata mtoto anajua."

"Mawingu yanaahidi tu," mume wangu alimjibu. "Ushahidi uko kwa mkebe."

Nilikuwa nimepoteza mimba mbili ndani ya ile pareto. Kuchuma ni kuinama tangu asubuhi, kikapu kimefungwa tumboni, mikono miwili ikikimbizana. Mimba ya pili ilianza kutoka nikiwa katikati ya mstari, na niliumaliza mstari. Sitaki kueleza zaidi. Nilipopata ya tatu, nilimwambia mama mkwe kabla ya kumwambia mwanawe.

Mama mkwe alikuwa mjane, mfupi, mchache wa maneno. Kazi yake pale shambani ilikuwa kumwagilia maua ya mke wa mzungu, na zaidi mawaridi, ambayo yalikuwa yamepandwa kuuzunguka ule mkebe. Alifika bustanini kabla ya mtu yeyote, kwa sababu mke wa mzungu aliamini waridi halipaswi kunywa maji jua likiwa juu. Nilipomwambia habari za mimba alikuwa anamenya viazi. Alinitazama tumbo, akaendelea kumenya.

"Usiinue kitu kizito," akasema.

"Na pareto, Mama?"

Alichukua kiazi kingine. Kesho yake ukungu ulishuka mzito, na kengele ikagongwa mara mbili. Nililala mpaka jua likaingia mlangoni. Siku chache baadaye tena, mara mbili. Jioni mume wangu alikaa mbele ya moto akijikuna kidevu.

"Usiku ulisikia mvua?"

"Sikusikia."

"Hata mimi. Lakini mkebe una maji."

Hatukushangaa sana. Nyumba ya nyasi haitangazi mvua ndogo, si kama mabati ya siku hizi, na paa la mzungu lilikuwa la vigae vya mbao. Huko nje kila kitu kilikuwa kimelowa kwa ukungu. Mume wangu aliamini alichokiona kwenye glasi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Mimi nilijua asubuhi moja nilipompelekea mama mkwe uji aliousahau jikoni. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ua wa michongoma. Alimwagilia waridi, akamwagilia waridi, akaumwagilia mkebe, akamwagilia waridi. Mkono wake haukubadilisha mwendo. Aliponiona alikuja akapokea uji, akanywa akiwa amesimama.

"Manyunyu yalikuwa yameanza," aliniambia. "Nimemsaidia Mungu kumaliza."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema basi. Nilikuwa najua mkebe ni nini kwa mume wangu. Nilirudi nyumbani, nikajifunika blanketi, nikalala usingizi mzuri, na usingizi ule bado unaniuma kuliko mambo mengine mengi niliyofanya nikiwa macho.

Tena sikuishia hapo. Ningekuwa nimenyamaza tu, labda leo ningejitetea. Lakini mimba ilipozidi kukua na mgongo ukawa unanikata, nilizoea kukaa karibu na mama mkwe jioni na kumuuliza kwa sauti ya kawaida, "Mama, unaonaje, kesho itanyesha?" Naye aliangalia moto, akasema huenda. Asubuhi kengele ikagongwa mara mbili. Siku nyingine alikuwa na wasiwasi, jua limekuwa kali siku nzima, hata wingu la kusingizia hakuna, na bado nilimuuliza. Mwanzo ilikuwa huruma yake. Mwisho ilikuwa amri yangu, na yeye alikuwa mama wa mume wangu, mtu ambaye kwa desturi zetu sikupaswa hata kumtuma maji ya kunywa.

Wanawake wenzangu walifurahia mapumziko mara za kwanza. Baadaye wakaanza kunung'unika, kwa kuwa tulilipwa kwa debe, na siku bila debe ilikuwa siku bila chumvi. Jirani yangu wa mlango wa pili aliilalamikia mvua ya usiku mbele yangu, akasema ni mvua ya wachawi, haisikiki wala haijazi mto. Nilimwitikia. Nikasema kweli kabisa, hii mvua ni ya ajabu.

Aliyekuwa na furaha ni mume wangu. Aprili alizidi ukarimu, Mei akamfuata. Kila jioni alinieleza jinsi kadi ya mwezi inavyojaa. Alikuwa hajawahi kuona mfululizo wa namna ile, akasema labda ni kwa sababu ya msitu ulio juu yetu, labda mawingu yakipanda kutoka upande wa Menengai yanachoka yakifika kwetu. "Huu mwaka utakumbukwa," aliniambia, akinigusa tumbo.

Mtoto alizaliwa katika baridi ya Julai. Msichana, mzima, mwenye hasira. Mume wangu alimwinua mlangoni ili aone mawingu. Tangu siku hiyo mama mkwe alimwagilia mawaridi tu, na mkebe ukarudi mikononi mwa Mungu, ambaye mwaka huo, kusema kweli, hakuwa amejitahidi.

Januari mzungu alijumlisha mwaka mzima. Wazungu wa huku juu walikuwa na mtindo wa kukutana mjini mwanzo wa mwaka na kulinganisha mvua za mashamba yao, kama wanaume wengine wanavyolinganisha madume ya ng'ombe. Wetu alienda na hesabu yake akijivuna. Sijui waliambiana nini huko, ila mpishi wake alisikia kwamba walimcheka mpaka akaacha chakula mezani. Alirudi na kuamuru kengele igongwe mchana, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na tukakusanyika wote chini ya mtarakwa. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Mama mkwe alikuwa kando yangu.

"Wewe," mzungu akamwambia mume wangu kwa Kiswahili chao cha shambani. "Mwezi ya tano, kila mtu napata mvua kidogo. Jirani hapa, ngambo ya barabara, napata kidogo. Mimi tu napata mingi. Kwa nini? Mvua napenda mimi sana?"

Watu wakacheka, maana mzungu akitania unacheka.

"Niliandika kile niliona, bwana."

"Wewe nalala kwa kitanda, naandika uongo."

"Hapana, bwana. Maji yalikuwa kwa mkebe. Niliyaona kwa macho yangu."

"Uongo."

"Niliyaona, bwana."

Katika watu wote waliosimama pale, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anasema kweli na kuamini kila alilosema. Nilitazama shingo yake kutoka nyuma. Ilikuwa wima, haikuinama, na jasho lilikuwa linateremka ndani ya kola. Mzungu alimnyang'anya ile glasi, akampa nyapara. Mume wangu akapelekwa kukata kuni za tanuri la kukaushia pareto, kazi ya wanaume waliokuwa wamekosa kazi nyingine.

Jioni hiyo, alipokuwa bado hajarudi, mama mkwe alifunga shuka lake vizuri. "Kesho naenda kwa mzungu," akasema. "Nitamwambia ni mimi."

Mtu ambaye hakuishi miaka ile anaweza kudhani hilo lilikuwa jambo dogo. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikipambana na wapiganaji wa msituni. Malori yalikuwa yanakuja mashambani kuchukua watu wetu, na familia zilipakiwa na sufuria zao kurudishwa rizavu, kwenye ardhi waliyotutengea Waafrika, ambako wengi hatukuwa hata na mahali pa kuweka jiwe la jiko. Walipakiwa kwa makosa madogo kuliko lile, na wengine bila kosa.

"Watatupakia kwa lori, Mama," nikasema. "Na huyu mtoto."

"Basi tumwambie yeye peke yake. Ajue."

"Unamjua mwanao. Ukimwambia leo, kesho asubuhi amesimama kwa veranda ya mzungu akimweleza."

Alimjua. Alimlea mwenyewe akawa vile. Alifungua shuka, akakaa chini, na hakulitaja tena jambo hilo. Nimelifikiria sana katika maisha yangu, na kila nikilifikiria linatoka vile vile: tulimficha ukweli kwa sababu alikuwa mtu wa kweli. Kama angekuwa mwongo kidogo tu, kama wanaume wengine, tungemwambia usiku uleule, tukacheka chini ya blanketi.

Watu wakamfanyia utani. Jua likichoma mpaka ardhi inapasuka, yeye akipita na shoka lake aliulizwa, "Mzee, leo umepata inchi ngapi?" Alijibu salamu, akapita. Hilo la utani nilidhani litaisha, na liliisha kiasi. Ila siku moja kulikuwa na mazungumzo ya mahari nyumba ya tatu kutoka kwetu. Aliwaona wageni wakipanda njia, akaingia ndani, akavaa koti lake, akakaa kwenye kigoda mlangoni kusubiri kuitwa. Aliyeitwa ni nyapara. Yeye alikaa pale na koti lake mpaka tukasikia wakicheka na kuagana, kisha akalivua, akalitundika, akachukua jiwe akaanza kunoa shoka. Nilikuwa namkaangia mtoto yai. Yai liliungua.

Akatengeneza mkebe wake mwenyewe. Alitumia kopo la jamu, akaliweka juu ya kigingi katikati ya viazi vyetu, akachonga kijiti na kukitia alama kwa kisu. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kwenye kuni, aliinama pale kwenye viazi, jicho sawasawa na maji. Hakuwa na kadi tena, vipimo aliviweka kichwani. Na Jumapili baada ya kanisa, badala ya kupumzika, alitembea. Alikwenda shamba la ng'ambo ya barabara, akaenda hadi kule Bahati, akawauliza wafanyakazi wenzake: jana kwenu ilinyesha? Ilianzia wapi? Iliishia wapi? Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kujua kama mvua inaweza kushuka juu ya kilima kimoja na kukiacha kile cha pili kikavu. Kama inaweza, basi yeye hakuwa mwongo.

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Yangu imekuwa ndefu, na sehemu kubwa yake aliitembea yeye, Jumapili, kwa miguu.

Mama mkwe aliomba aondolewe kwenye maua, akapewa kuku. Nyumbani alimpakulia mwanawe kwanza, kipande kikubwa, na hakumtazama usoni. Mimi na Mama tulipendana, lakini tuliacha kukaa pamoja jioni. Akiingia jikoni, nilikumbuka kitu huko nje.

Miaka ikaenda. Mwishoni mwa ile ya hamsini mambo yalikuwa yamelegea, malori hayakuja tena, na watu walianza kusema waziwazi kwamba wazungu wenyewe ndio watakaopakiwa. Sababu niliyomtajia mama mkwe ilikuwa imekwisha. Nilikuwa huru kusema na sikusema. Sikuogopa tena lori wala mzungu. Niliogopa uso wa mume wangu, ambao niliulalia kando kila siku.

Basi ikaja Aprili moja. Mchana, tukiwa tumetoka pareto, wingu moja zito likapanda kutoka upande wa ziwa. Likapita juu ya shamba la jirani bila kusema neno, likafika kwetu, likajimwaga. Ilikuwa mvua ya kuziba masikio. Haikukaa sana. Ilipokatika, nilimwona mume wangu akija mbio kutoka kwenye kuni, kichwa wazi, miguu mitupu, matope mpaka magotini. Alinishika mkono mbele za watu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akanivuta mpaka barabarani.

Upande wetu wa barabara maji yalikuwa yanateremka kwenye mtaro. Upande wa jirani kulikuwa na vumbi. Mpaka wake ulionekana wazi, ungeweza kuufuata kwa fimbo. Mume wangu alisimama na mguu mmoja kwenye matope na mwingine kwenye vumbi, akaanza kuita watu. Akamwita jirani wa mlango wa pili, akawaita wanaume wa tanuri, akamwita nyapara. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa anamwita kila mmoja kwa heshima, kama mtu anayekaribisha wageni kwake.

Nyapara aliinama kwa taabu akagusa ardhi ya huku, akagusa ya kule.

"Basi inawezekana," akasema. "Mzee, ulikuwa unasema kweli."

"Niliwaambia niliyaona kwa macho yangu," mume wangu akasema.

Watu walimshika mkono. Jirani yangu wa mlango wa pili alisema hata yeye siku zote alijua ile mvua ya usiku ilikuwa ya kweli, si ilimnyima chumvi mwaka mzima? Wakacheka, naye akacheka nao. Mama mkwe alikuwa amekuja na bakuli la chakula cha kuku mkononi. Aliitazama ile barabara, upande na upande, kisha akageuka akarudi kwa kuku wake.

Jioni tulikaa mbele ya moto, sisi watatu na mtoto. Mume wangu alikuwa ameleta lile kopo la jamu kutoka kwenye viazi. Alimwaga maji yake mlangoni, akaliweka kifudifudi kando ya jiwe la jiko, akampa mtoto kile kijiti cha alama achezee. Alipokea chai yake, hakuinywa.

"Nina neno la kuwaambia," akasema. "Miaka hii yote nimekuwa na wazo baya. Mama alikuwa anamwagilia maua pale kwa mkebe. Wewe ulikuwa mgonjwa na ile mimba, na siku za kengele mbili ulikuwa unalala. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Nimelala kando yako nikikushuku, wewe na mama yangu. Sikuuliza, kwa sababu niliogopa mtanijibu." Alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa na maji. "Leo nimeona. Nisameheni."

Mama mkwe aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka kumtazama mwanawe vile, kisha akanigeukia mimi, akangoja. Midomo yake ilikuwa imefunguka kidogo. Nilijua kwamba nikianza, atanifuata, na nikinyamaza, atanyamaza mpaka kaburini, na ndivyo alivyofanya. Wote wawili walikuwa wananitazama.

Nikamwambia nimemsamehe.